Rupia za Fundi Hatibu

Mende hali fedha.

Mmenisikia nikimwambia baba yenu hivyo asubuhi, alipoitia cherehani yake kufuli ili msiiguse, nanyi mkacheka. Msicheke, wajukuu zangu. Msemo huo ulizaliwa nyumbani kwetu Pangani, nami nilikuwapo.

Marehemu baba yangu, Hatibu, alikuwa fundi saa. Tangu ujanani alikusanya rupia, zile sarafu za zamani za madini ya fedha, zikafika ishirini na moja. Hakuwa na haja ya kuzitumia, alipenda kuzitazama tu. Kila moja aliishika ukingoni, maana jasho la kidole huacha alama. Aliiviringisha katika kitambaa cha pamba kikavu, akaiweka kisandukuni pamoja na kijifuko cha mchele uliokaangwa, wa kunyonya unyevu. Hayo yote aliyafanya mlango umefungwa. Ufunguo ulikaa shingoni mwake miaka kumi na minane, na mama hakuwahi kuushika. Jambo hilo lilimuuma mama, ingawa hakulisema.

Masika moja baba aliugua kifua, akapelekwa hospitali Tanga. Hakutegemea kurudi. Mlangoni akauvua ufunguo, akampa mama.

"Mama Mishi, nitunzie," akasema, akimwita kwa jina langu.

Mama akalia. Akaapa moyoni kwamba atazitunza kuliko baba mwenyewe. Mwaka huo mende walikuwa wengi, walishatafuna hata kanga zake. Basi akanunua kiberiti upele, ule unga wa manjano unaonuka ambao watu hujipaka wakitokwa na upele, akaunyunyiza kisandukuni, juu ya vitambaa na chini yake. Kila Ijumaa akaongeza.

Baba alirudi baada ya miezi minne, amekonda lakini mzima. Alipofungua kitambaa cha kwanza, rupia ilikuwa nyeusi kama chungu cha kuni. Ya pili vivyo hivyo. Zote.

Mama akakimbilia jikoni, akarudi na majivu na ndimu.

"Acha," baba akasema. "Ukizisugua utazifuta na sura zake. Umetia nini humu?"

"Kiberiti, Baba Mishi. Niliogopa mende."

"Mende hali fedha, mke wangu. Kilichozila ni huo unga."

Mama akaketi sakafuni, akauweka ufunguo miguuni pa baba. "Chukua. Mimi si wa kuaminiwa."

 Nilidhani baba atatamka talaka.

"Nimekuficha kisanduku hiki miaka kumi na minane," akasema, "kana kwamba wewe ndiwe mwizi wangu. Ningekufundisha siku moja tu, leo zingekuwa zinang'aa. Kumbe na mimi nilikuwa nafukuza mende wasiokula fedha."

Akauokota ufunguo, akamvika mama shingoni. Haukuvuliwa tena mpaka siku tuliyomwosha mama kwa mazishi.

Rupia zile ninazo, nyeusi vilevile. Sasa nendeni kwa baba yenu, mkamwombe awafundishe kushona. Akikataa, mwambieni bibi amesema: mende hali fedha.