Karavani ya Mzee Valeriani

Hapo zamani, wala si zamani za sungura na fisi bali zamani hizi za juzi, baba zetu walipokuwa wakichonga barabara kuu kwa greda, palikuwa na mama mmoja aitwaye Bi Damiana. Nyumba yake ilikuwa na magurudumu. Ndiyo, msinicheke. Mumewe, Mzee Valeriani, alikuwa dereva wa greda, na kambi ilipohama, nyumba nayo ilihama. Mwaka huu Makambako, mwaka ujao Mafinga, mwaka wa tatu mahali ambapo usiku unasikia simba. Ndani ya karavani hiyo wakazaliwa watoto watatu, na kwenye mwimo wa mlango baba yao akawapima urefu kwa msumari kila Krismasi. Zilikuwa siku tamu, jamani. Chai ilichemka juu ya jiko la mafuta ya taa, mvua ikapiga bati, na watu watano wakalala mahali ambapo siku hizi mtu mmoja anaegesha gari lake na bado analalamika pamebana.

Barabara ikaisha. Mkandarasi akamwachia mzee karavani kwa shukrani. Kisha mzee akafa, akazikwa kwao Ifakara, na Bi Damiana akarudi kwenye kambi tupu ya Mafinga kuilinda nyumba yake. Wenye kiwanja wakamwambia, "Mama, mvua zikianza iwe imeondoka. La sivyo tutaikata chuma chakavu."

Bi Damiana akawaita wanawe. "Wanangu," akasema, "nataka kuzeekea kando ya kaburi la baba yenu, ndani ya nyumba yake, juu ya kitanda chake. Atakayenifikishia nyumba hii salama, nitamrithisha yeye. Haigawanywi. Nyumba haikatwi mapande kama mnofu wa ng'ombe."

Watoto wakatazamana. Kila mmoja aliitaka, kwa maana utoto wao wote ulikuwa humo.

Gaudensi, kifungua mimba, alikuwa fundi wa kuchomelea. Akasema, "Tukiifunga hivi hivi nyuma ya pikapu, pikapu itakaa chini kama mbwa, pua juu, na usukani utakuwa mwepesi. Nitatengeneza fito mbili za chuma cha springi, nizikaze kwa minyororo. Zitaunyanyua mzigo na kuugawa mpaka kwenye matairi ya mbele."

Skolastika, wa pili, alikuwa dereva wa gari la misheni, na pikapu ilikuwa yake. Akasema, "Fito zako nzuri, kaka, lakini haziwezi kuzuia mkia wa karavani kuyumba. Mimi nitafunga mkono wa kubana, wenye vipande vya breki ndani. Tela ikitaka kucheza, mkono unaishika."

Wakabishana nusu siku nzima, fito au mkono, mkono au fito, hadi mama akachoka. "Fungeni vyote viwili!"

Izidori, kitinda mimba, alikuwa mpakiaji wa malori sokoni. Akauliza, "Na mzigo umepangwaje?"

Wakamcheka. Mpakiaji naye ana elimu gani?

Mzigo ulikuwa umerundikwa nyuma kabisa: sanduku la spana la marehemu, jiko la chuma, magunia manne ya viazi. Mbele palikuwa na kitanda cha wazazi, kimetandikwa blanketi la mzee, na juu yake hapakuwa na hata kijiko. Nani angeweka kitu pale? Kitanda cha wazazi hakikaliwi na mtoto, sembuse cha marehemu. Gaudensi aliona, akanyamaza. Skolastika aliona, akanyamaza. Heshima nayo ina uzito wake.

Wakaondoka. Bi Damiana alikaa mbele na Skolastika, vijana wakakaa nyuma ya pikapu. Hadi Iringa ilikuwa raha tupu, na mama alionyesha kila kalavati. "Hapa baba yenu alikwama siku tatu. Pale ndipo ulipoota jino la kwanza."

Wakaanza kuteremka mlima wa Kitonga, wenye kona kali. Lori likawapita kwa kasi, upepo wake ukaivuta karavani. Mkia ukaenda kushoto. Ukaenda kulia. Ukaenda kushoto zaidi. Mkono wa Skolastika ulilia, fito za Gaudensi hazikusaidia kitu. Bi Damiana aliliona korongo kando ya barabara, akaona miaka yake yote inamwagika humo. Skolastika hakukanyaga breki. Aliinua mguu, akanyoosha usukani, akaomba. Karavani ikatulia, wakasimama pembeni.

Bi Damiana akashuka, akaketi juu ya jiwe. Aliporudi alikuta Izidori ameshahamisha vitu. Sanduku la spana, jiko na magunia vilikuwa juu ya kitanda cha mzee.

Akamzaba kofi. "Mwana kidonda wewe! Baba yako unamlaza na viazi?"

"Nipige, Mama," Izidori akasema. "Mkia mzito ndio uliotaka kutuua. Mzigo ni lazima uje mbele, na mbele hakuna pengine."

Bi Damiana akalia. Lakini hakusema viondolewe.

Sasa uzito ulipokuja mbele, pikapu ikakaa chini kama mbwa, vilevile Gaudensi alivyosema. Gaudensi akakaza minyororo pingili mbili, pikapu ikainuka, matairi ya mbele yakakanyaga lami sawasawa. Wakamaliza mteremko. Kule bondeni upepo ukawapiga ubavuni na mabasi yakawapita moja baada ya jingine. Mkia ukajaribu kucheza, mkono wa Skolastika ukaushika.

Wakafika Ifakara siku ya pili, mchana. Karavani haikuwa na hata mkwaruzo. Wakaiegesha karibu na kaburi, wakashusha mizigo. Ndipo Bi Damiana alipoona kitanda kimevunjika katikati, mbao zimechomoza kwenye blanketi. Akalipapasa blanketi.

Gaudensi akasema, "Mama, bila fito zangu gari lisingekata kona hata moja. Mimi ndiye niliyekufikisha."

Skolastika akasema, "Bila mkono wangu na usukani wangu, mngekuwa korongoni na fito zenu. Mimi ndiye niliyekufikisha."

Izidori akasema, "Vyuma vyenu vyote vilikuwepo, na bado tulitaka kufa. Mimi ndiye niliyekufikisha."

"Wewe umevunja kitanda cha baba!" wakamjia juu.

"Nimekivunja," akasema Izidori. "Ninyi mlikiheshimu, na heshima yenu nusura imzike Mama."

Bi Damiana akawatazama wote watatu, kwa maana wote aliwazaa humo, na neno lake alikuwa ameshalitoa: ni mmoja tu. Akasimama kati ya kaburi na mlango, asijue amwite nani.

Haya, wenzangu mliokaa mnatafuna karanga zangu bure, semeni ninyi. Aliyeugawa uzito, aliyeuzuia mkia, au aliyeiokoa nyumba kwa kukivunja kitanda? Je, nani alistahili?