Mkaratusi Uliovikwa Kofia

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni!
Ina njaa.
— Na ile kwetu!

Zamani za bibi zetu, Nakijwa alikuwa akipepeta mahindi pale shemeji yake Mbonea alipofika kumwambia kwamba chemchemi imekauka na watu wanahamia bondeni. Watoto watatu wa marehemu kaka yake, mume wa Nakijwa, angewachukua yeye.

"Wewe baki na mti wako, shemeji. Watoto hawanywi kivuli."

Wakaenda. Nakijwa akabaki na mkaratusi. Aliupanda mwenyewe kando ya chemchemi, mwaka aliomzika mume, ili aje apasue mbao. Lakini jioni ni ndefu, mnajua; akawa anauzungumzisha, na mti ule ulimwitikia. Hakuukata.

Akauuliza, "Mwenzangu, maji umeyanywa wewe?"

"Mimi? Sina mdomo."

Kesho yake akauliza tena. "Sina mdomo." Keshokutwa akauliza tena. "Mama, sina mdomo. Nitanywea wapi?"

Nakijwa hakubishana. Akachukua kibofu cha mbuzi kilichokaushwa, kinachopitisha mwanga.

"Jua kali leo. Nikuvike kofia?"

Mti ukafurahi, ukainamisha tawi. Akaingiza majani kibofuni, akafunga kwa kamba, akaenda kuchanja kuni. Jioni akafungua: maji, funda zima.

"Hili ni tawi moja," akasema. "Unayo mangapi?"

Mti ukaliinua lile tawi. Kisha ukasema, "Mizizi inavuta chini, majani yanatoa hewani. Nikiacha nitakufa. Na ukinikata, utaongea na nani?"

Hilo ndilo lililomshika mkono. Akaweka shoka chini, akaingia ndani.

Asubuhi akaukata. Kisiki kikachipua, akakwanyua. Kikachipua, akakwanyua. Kikachipua, akakwanyua, na hapakuwa na wa kumwambia kwamba amechoka. Akapanda mikuyu, miti itunzayo maji, mahali pale. Maji yakarudi; masika yakapita, kiangazi kikaingia, na chemchemi bado inatiririka.

Akatuma salamu bondeni. Mbonea akawarudisha watoto, akasema shemeji amekonda.

"Nilikosa wa kula naye," Nakijwa akajibu, akaenda kuangalia chungu.

Akapakua makande. Akahesabu: Nakiete, Kiangi, Mbazi, na shemeji pale mlangoni. Nje kimya, hakuna jani linaloitikia. Akahesabu tena, kisha akawaambia waanze kula.

Hadithi imeshiba.
— Nasi tushibe!
Wa mwisho kulala afunike moto.