Inatosha, Baba

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo, lakini kidole kiacheni pale pale kwenye ukurasa, maana tutarudi. Nataka kuwapa mfano. Ni mfano wa kompyuta, kwa hiyo akina mama wa kule nyuma msianze kusinzia mkasema hayo ni ya vijana. Mimi mwenyewe kompyuta naijua kuiwasha na kuizima tu, na hata kuizima kwenyewe nakosea. Mengine yote nimeelezwa.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyekuwa akiishi na baba yake mzazi. Mama alikwisha kufariki. Mzee alikuwa na miaka themanini na kitu, macho yamepungua, magoti yamekataa, lakini kichwa chake, jamani, kichwa kilikuwa kizima kabisa. Na ndani ya kichwa kile mlikuwa na jambo ambalo ukoo mzima haukuwa nalo mahali pengine popote.

Ni hivi. Zamani zile watu walipohamishiwa vijijini, ukoo ule uliacha makazi yake ya zamani huko porini, na makaburi yao yakabaki huko huko. Hayakuwa na saruji wala misalaba yenye majina. Yalikuwa mafungu ya mawe tu, na mengine hata mawe hayana. Waliojua nani amelala wapi walikuwa watu sita, na watano walishakufa. Aliyebaki alikuwa mzee huyu. Basi ukoo ukakaa kikao, ukakubaliana kwamba baada ya mavuno wataenda kuyajengea, kila kaburi na jina lake. Wakamwambia mwalimu, "Wewe ndiye msomi wetu. Mrekodi baba yako aseme yote, tusije tukaandika jina la mtu juu ya mwenzake."

Mwalimu alifurahi sana. Na alimpenda baba yake, nisimsingizie. Alitaka sauti ya mzee ikae vizuri, isikike mpaka kwa vitukuu. Nyumbani alikuwa na kompyuta ya mezani, akaiwasha, akamkalisha mzee mbele ya maiki. "Baba, sema kidogo nijaribu."

Mzee akakohoa. "Moja, mbili, tatu," akasema, kama alivyowasikia wenye mitambo kwenye mikutano. Kisha akaanza, "Mwanangu, kabla sijafika kwenye makaburi..."

"Inatosha, baba."

Mwalimu akasikiliza alichorekodi. Nyuma ya sauti ya mzee feni ya kompyuta ilikuwa ikivuma, kama mtu anayesaga mtama chumba cha pili. Akatikisa kichwa. Sauti ya baba yake haiwezi kukaa na kelele ile.

Akaenda kwa fundi. Fundi mwenyewe alikuwa dada mmoja mwenye kibanda karibu na stendi, anayeunda kompyuta kipande kwa kipande, wewe uchague kila kitu unachotaka kiwemo. Mwalimu akamweleza. Yule dada akamsikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, unataka kurekodi mtu mmoja anaongea?"

"Ndiyo."

"Hiyo uliyo nayo inakufaa. Tena hata simu iliyo mfukoni mwako inakufaa. Mtoe mzee barazani, weka simu juu ya kigoda, mwache aongee."

"Simu? Baba yangu mzazi nimrekodi kwa simu kama mtu anayemvizia?"

Mteja akishataka kununua, fundi afanyeje? Akamtolea feni.

Feni mpya ilitulia kweli, ila prosesa ya zamani, ndiyo ubongo wa kompyuta, ikawa inachemka. Akanunua prosesa mpya, nayo haikukaa kwenye mazabodi ya zamani, ule ubao ambao vitu vyote hupachikwa juu yake. Akabadilisha mazabodi. Mazabodi mpya ikazikataa memori za zamani, akabadilisha na hizo. Kisha akawaza, mbona nisichukue na picha, mzee aonekane? Ikaja kadi ya picha. Kadi ile ilikula umeme mwingi, ikahitaji pawa saplai kubwa, na pawa saplai kubwa haikuingia kwenye kasha la zamani. Basi kasha nalo likabadilishwa, akachagua lenye kioo ubavuni na taa za rangi ndani. Niambieni, taa za rangi zinasaidia nini kurekodi habari za makaburi? Ya kompyuta ile ya kwanza haikubaki hata skrubu, ila diski tu, na mwalimu bado akaiita kuboresha.

Kila kipande kilichoingia, mzee aliitwa, hata mara mbili tatu. "Baba, njoo useme kidogo nijaribu." Mzee anakuja na mkongojo wake, anakaa, anakohoa. "Moja, mbili, tatu. Mwanangu, kabla sijafika kwenye makaburi..." Anakatizwa. Siku nyingine alifika mbele kidogo, siku nyingine hakufika. Wala hakuendelea alipoishia jana, maana wazee wetu mnawajua, habari nzito huanzwa mwanzo. Mwalimu yeye alikuwa amekodoa macho kwenye kioo, kwenye ile mistari ya kijani inayopanda na kushuka mtu anaposema. Akaiona sauti ya baba yake inapanda vizuri na kushuka vizuri, akaridhika. "Inatosha, baba."

Siku moja mzee akauliza, "Hicho chombo kitakamilika lini?"

"Bado kidogo tu, baba. Nataka chako kiwe kizuri kuliko vyote."

"Mimi nilikuwa tayari tangu ile feni yako ya kelele. Wala haikunikera."

Mwalimu akacheka, akamshika bega. "Subira, baba." Mmesikia hiyo? Mtu wa miaka arobaini anamwambia mtu wa themanini avute subira! Na huko mashambani mtama ulikuwa umeshaanza kukomaa.

Ikabaki diski. Ile ya zamani ilikuwa na mlio mdogo, tik, tik, na mwalimu alikuwa hawezi kuuvumilia. Jumamosi moja asubuhi akamuaga baba yake. "Leo ndiyo leo, baba. Nikirudi tunarekodi yote." Akachukua kompyuta, akaenda kwa fundi. Fundi akafunga diski mpya isiyo na mlio wowote, akahamisha vilivyokuwemo kwenye ile ya zamani.

"Kuna rekodi kumi na tisa fupi fupi," fundi akamwambia. "Ni za majaribio, eti? Nizifute?"

"Ziache, nitazifuta mwenyewe. Ni takataka tu hizo."

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe amesimama getini na majirani wamejaa uani. Mzee alikuwa ameshapelekwa hospitali. Kiharusi kilimpata akiwa amekaa kitandani, anafunga vifungo vya shati lake jeupe la Jumapili. Alikuwa anajiandaa kurekodiwa.

Ningeweza kuwaambia mzee alikufa, na mfano huu ungekuwa mwepesi. Hakufa. Baada ya wiki tatu alirudi nyumbani, anakula, anamtambua kila mtu, anaelewa kila neno. Ila mkono wa kulia ulikuwa umelala na ulimi umefungwa. Hakuwa na neno hata moja.

Mavuno yakaisha, ukoo ukaja. Wakasema wambebe mpaka porini anyooshe kidole. Lakini macho yake yalikuwa hayaoni tena hata jiwe lililo hatua kumi mbele. Wakajaribu kumwuliza maswali ya kutikisa kichwa, je, babu fulani yuko upande wa mlima, je, shangazi fulani yuko karibu na mto. Wakapata mawili matatu. Lakini utamwulizaje mtu habari za marehemu ambaye wewe hujui kwamba aliwahi kuishi? Kila walipodhani wamemaliza, mzee alitikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, na machozi yanamtoka, na hakuna aliyejua anakataa nini.

Ndipo mwalimu akazikumbuka zile takataka.

Akafunga mlango, akaifungua rekodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Moja, mbili, tatu. Mwanangu, kabla sijafika kwenye makaburi..." Inatosha, baba. "Mwanangu, kabla sijafika kwenye makaburi, kuna jambo..." Inatosha, baba. Akafika ya kumi na saba, ya siku ile mashine ilipochelewa na mzee akapata nafasi ndefu kuliko siku zote. Sauti ilikuwa safi ajabu, bila uvumi, na hata ule mlio wa diski haukusikika.

"Moja, mbili, tatu. Mwanangu, kabla sijafika kwenye makaburi, kuna jambo nimekaa nalo. Watu wote wanakuita mzaliwa wangu wa kwanza. Wewe si wa kwanza. Wa kwanza ni dada yako, Sechelela. Tulimlaza peke yake, mbali na wengine, mama yako akaniapisha nisimtaje mpaka yeye afe. Sasa sikiliza vizuri, ukitoka pale kisimani..."

"Inatosha, baba."

Wapendwa, ile "inatosha" ilikuwa kwa sauti yake mwenyewe. Akaisikia jinsi ilivyokuwa na furaha. Siku ile alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa baba yake, baba akamwambia una dada, naye akaona mistari ya kijani inakwenda vizuri.

Akazirudia zote tangu mwanzo. Alikuwa na mianzo kumi na tisa ya habari ile, na mwisho hata mmoja hakuwa nao.

Akamwendea mzee, akambeba, akamkalisha kwenye kile kiti mbele ya maiki, akapiga magoti. "Baba, Sechelela. Sechelela yuko wapi? Endelea baba, safari hii sikukatizi." Mzee aliposikia jina lile alimshika mwanawe kichwani kwa mkono uliobaki. Mdomo ukahangaika, ukahangaika. Kwenye kioo mistari ya kijani ikapanda kidogo, ikashuka. Ilikuwa pumzi. Mashine ilikuwa nzuri hivyo, ilinasa mpaka pumzi ya mzee aliyeshindwa kusema.

Sasa ndugu zangu, msiende nyumbani mkasema mchungaji amekataza kompyuta. Yule fundi ana watoto wa kulisha, mnunulieni. Nawauliza jambo lingine. Sisi tunaandaa nini, na tunamwandalia nani? Maana tunasema yote haya ni kwa ajili ya Bwana. Hapa kwetu spika tumebadilisha mara tatu, na kamati isininunie, hata sahihi yangu imo. Kwaya imeshona sare mpya. Nyumbani tunasema tutasali vizuri tukishahamia nyumba yetu, tutampatanisha ndugu na ndugu watoto wakishamaliza shule, tutakaa na mama tukishapata likizo. Tunamtengenezea Mungu kiti kizuri, na kila akikikalia afungue kinywa, tunamwambia inatosha, tulikuwa tunajaribu tu. Tunatazama mistari inavyopanda: leo tumeimba vizuri, leo watu wamejaa. Alichosema hatukukisikia.

Ninyi mnadhani mwalimu yule kosa lake ni kuchelewa? Mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipokaa na mfano huu wiki nzima. Kuchelewa ni kosa dogo. Baba yake alimwambia. Mara kumi na tisa alimwambia, na yeye alikuwepo mara zote kumi na tisa. Mungu wetu naye hajanyamaza, sisi ndio tunaomkatiza. Na uvumilivu wake ni mkubwa, kila Jumapili anaanza tena mwanzo, kama mzee yule. Lakini sisi ulimi wa wazee wetu haungoji hivyo. Wala masikio yetu wenyewe hayangoji.

Kwa hiyo leo, ukifika nyumbani, yuko mtu ambaye wiki hii alianza kukuambia jambo ukamwambia baadaye. Unamjua. Mimi wangu namjua, na nikitoka hapa naenda kwake kabla ya chakula. Kaa mbele yake, mikono mitupu, mwambie, "Ulikuwa unasemaje?" Kisha nyamaza mpaka amalize.

Haya, fungueni pale mlipoweka kidole, tusome. Naona wengine mmeshaanza kutazama saa. Lile neno mlilonalo mdomoni, nawaomba, limezeni.