Nywele za Minza

Unywele hausemi uongo, ila uliza kwanza ni wa nani. Ndivyo nilivyowaambia asubuhi mlipokuja na kandambili ya Sayi mkononi, mkidai ndiye mwizi wa mayai kwa kuwa imekutwa bandani, na sasa mnataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Wahenga wa kale msiwasingizie, wao hawakuwahi kupimwa nywele. Msemo huu ulizaliwa juzijuzi tu, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huku kwetu Usukumani, na aliyeuzaa ni dereva aliyeitwa Minza.

Minza aliendesha lile lori la mawe ambalo tairi lake moja linamzidi kimo mtu mrefu. Alianza kwa kufagia karakana, akapanda ngazi moja moja kwa miaka saba mpaka akakabidhiwa usukani, na aliipenda kazi ile kuliko chakula. Hakuvuta wala hakunywa. Harusini alishika soda moja tangu maharusi wanaingia mpaka viti vinakusanywa.

Ila kila mtu ana kidonda chake, na cha Minza kilikuwa kichwani. Dawa ya kulainisha nywele ilimchoma akiwa msichana, zikaota kwa mafungu kama mtama wa mwaka wa njaa. Alipopata mshahara wa udereva akanunua wivingi, si ya plastiki bali ya nywele za mtu hasa, zilizotoka ng'ambo, akashonewa kwa ustadi hata mshono usionekane. Wanawake wa zamu yake walipomsifia akasema ni zake, karithi kwa bibi yake. Wakataka siri. Akawaambia wapake mayai. Maskini, wakapaka mpaka mayai yakaadimika madukani.

Mwaka huo mgodi ukaacha kuwapima wafanyakazi mkojo kutafuta dawa za kulevya, ukaanza kupima nywele. Mkojo husahau, mtu akijizuia siku kadhaa anaweza kupita huku anapiga mluzi. Unywele hukumbuka. Huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na alichotumia mwenyewe, iwe bangi, heroini au kokeini, huacha alama ndani yake. Sentimita tatu zilizo karibu na ngozi husimulia miezi mitatu.

Nesi Apaikunda, aliyeletwa kukata nywele hizo, alikuwa na foleni ndefu. Akamuuliza Minza, mkasi mkononi, "Ni nywele zako?"

Nyuma yake walisimama wanawake wa zamu, wananuka mayai.

"Zangu," akasema Minza.

Nesi akakata, akafunga kwenye bahasha, akaita mwingine.

Wiki mbili baadaye Minza akaitwa ofisini kwa Bwana Machumu, mkuu wa madereva. Nesi alikuwepo, na karatasi ya majibu ilikuwa mezani.

"Heroini na kokeini," akasema Machumu bila kumtazama. "Miezi mitatu mfululizo. Minza, mwanangu, hata wewe?"

"Mashine imekosea, mzee."

"Tumerudia mara mbili," Nesi akajibu. "Mashine haikujui, haina ugomvi na wewe. Unywele hausemi uongo, dada yangu."

"Basi weka funguo hapa," Machumu akasema. "Siwezi kumpa teja lori la tani mia."

Minza akazitazama funguo kiganjani. Alikuwa amekwisha kuelewa. Dirishani wenzake walikuwa wamejazana, maana habari mbaya haibishi hodi. Akinyamaza, anaondoka teja mwenye nywele nzuri. Akisema, anabaki mwongo mwenye mapengo kichwani, na kicheko kinamfuata mpaka nyumbani. Aliona aibu, jamani, aibu ile inayochoma masikio. Akaziweka funguo mezani.

"Nesi, niazime mkasi wako."

Akakata uzi wa safu ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, akazilaza zile nywele ndefu juu ya karatasi ya majibu. Kichwa kikabaki wazi mbele ya watu.

"Hizi ndizo zilizovuta," akasema, machozi yakimtoka. "Mwenyewe simjui, nilizikuta dukani. Zangu ni hizi hapa kichwani. Kata."

Nesi akauchukua mkasi. "Mzee," akamwambia Machumu, "unywele haukusema uongo. Ni mimi niliyepaswa kuufuata mpaka kwenye ngozi kwa vidole vyangu, nikaridhika na neno moja." Akakata upya, taratibu, kwa kuwa zilikuwa haba.

Majibu yalipokuja yalikuwa safi, na Machumu akamrudishia funguo kwa mikono miwili. Wenzake walimcheka wiki nzima. Mmoja wao, Holo, kila akimwona aliuliza kama trei mbili za mayai zinaweza kurudi kwa kuku. Minza akacheka nao, akapanda lori lake kichwa wazi, dirisha limeteremshwa, upepo ukimpiga mahali ambapo haukuwa umefika kwa miaka.

Basi na nyinyi. Kandambili ni ya Sayi, hilo sibishi. Lakini Sayi yuko kwa shangazi yake tangu Ijumaa, na kandambili zake aliziacha pale mlangoni, ambapo kila mmoja wenu huzivaa akienda chooni. Mbona sasa mnatazama chini? Unywele hausemi uongo, ila uliza kwanza ni wa nani.