Chafya ya Mtoto wa Jerotich

Sogeeni, lakini kila mtu aweke mikono yake mahali ninapoiona. Hadithi hii ina chafya ndani yake, na tangu niisikie simwamini mtu anayeficha vidole.

Huko vilima vya Nandi walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Bibi Tabarno alikuwa na vidole vinavyoona: akigusa tumbo la mjamzito, anajua mtoto amelalaje. Mwanawe mkubwa Kiptarus, aliyefiwa na mke, aliweza kupitisha trekta mahali ambapo hata ng'ombe hugoma. Wa tatu alikuwa nesi wa zahanati iliyo ng'ambo ya mto, mwanamke kutoka Ayalandi, mwenye mkono usiotetemeka. Jina lake huandikwa Saoirse, husomwa Sirsha. Herufi nyingine zinafanya nini mle ndani, niliuliza, na jibu nililopewa halikuniridhisha.

Basi Jerotich, mke wa mdogo wake Kiptarus, akashikwa na uchungu. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na mumewe yuko kazini Mombasa.

Bibi Tabarno alimpapasa tumbo akasema, "Mtoto amekaa mkingamo. Hapa nyumbani hatazaliwa. Twendeni zahanati." Angenyamaza, leo ningekuwa nasimulia msiba.

Kiptarus alimtandikia shemeji yake godoro kwenye tela, akauvuka mto ambao madereva wengine walikuwa wameegesha wakiutazama tu. Angeogopa, msiba ule ule.

Nesi alimgeuza mtoto, akamtoa, akampulizia pumzi hadi akalia. Angesita, msiba ule ule.

Jerotich, akiwa bado kitandani, akamshika nesi mkono. "Binti huyu nitampa jina lako."

Nesi akacheka. "Usimtese. Mimi nimewasahihisha watu maisha yangu yote."

"Ili awasahihishe, lazima awe hai," Jerotich akasema. "Na yu hai."

Lakini kwa watu wa vilima vile jina halichaguliwi kama kitambaa dukani. Wanawake hukaa na mtoto mchanga, wakitaja majina ya waliokufa katika ukoo, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya, jina lililotajwa ndilo lake. Huyo marehemu amekubali kurudi. Na chafya hiyo haiombwi mara ya pili.

Siku ikafika. Majina mengi yakatajwa, mtoto kimya. Bibi Tabarno akainama, akamfuta mtoto pua kwa kidole, akasema, "Tabutany," jina la mama yake mzazi. Na jueni kwamba Bibi alikuwa mnusaji wa ugoro. Papo hapo Kiptarus akausukuma mlango, eti analeta maziwa, ingawa shughuli ile haikuwa ya wanaume. Moshi wa jikoni ukaingia naye. "Msimsahau Taprandich," akasema, akimtaja marehemu mke wake. Jerotich akaona jina lake linapotea, akapaza sauti: "Saoirse!"

Mtoto akapiga chafya.

"Amemjibu mama yangu," Bibi akasema. "Watoto wachanga huchelewa kidogo."

"Vidole vyako, Mama. Hebu nivinuse," Jerotich akasema. Bibi akavificha ndani ya leso.

"Mimi ndiye niliyeingia, naye akapiga chafya," akasema Kiptarus.

"Ni wewe au ni moshi wako, shemeji?"

Bibi akamgeukia Jerotich. "Na wewe unamtafutia mtoto mfadhili wa Kizungu! Nesi si wa ukoo wetu, wala hajafa. Mwalimu gani ataweza kulisoma hilo? Kila mtu atamwita anavyojua, na huko kwa waliotutangulia hakuna atakayemtambua."

Jerotich akalia. "Nilikuwa nakufa, Mama. Mtu aliyenirudisha ana jina, na jina lenyewe ndilo hilo."

"Na mama yangu aliyenifundisha kugusa tumbo?" Bibi akauliza. "Bila yeye, ungefika zahanati?"

Kiptarus akaweka maziwa chini. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Taprandich hakuacha mtoto. Asipoitwa leo, nani atamwita tena?"

Walikuwa wanatazamana mikono.

Hapo ndipo nesi akabisha hodi, amebeba blanketi alilolifuma mwenyewe. Simu ya mume wa Jerotich ilikuwa imekwisha kuja: alisema jina litakuwa lile lililopigiwa chafya. Nesi akamwinamia mtoto akitabasamu. "Haya, anaitwa nani?"

Watatu wakajibu kwa pamoja, na majina yalikuwa matatu.

Bibi aliona hatari, Kiptarus akaivuka, nesi akaimaliza. Chafya nayo ilitanguliwa na kidole, moshi na sauti ya mama. Mtoto amelala, hajui lolote, na jina atakalopewa atakwenda nalo hadi kaburini.

Je, wewe ungeamua vipi? Fikiri kwanza. Ukinijibu upesi mno, nitajua nawe una mtu wako mle chumbani.