Nguchiro Alivyoililia Chipu Kubwa

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa nini?

—Utatuambia wewe!

Basi pakawa chemchemi moja nyikani, na maji yake yalikuwa yakipungua. Wanyama wakaizungushia ua wenye milango miwili. Wakasema, "Kiboko mlango wake, Nguchiro mlango wake. Ambaye mlango wake utajifungua na kujifunga mchana kutwa, bila kuguswa, ndiye mtunza maji."

Kiboko akaunguruma, "Nikishinda, nakunywa peke yangu. Buuu!"

Nguchiro akawatazama wanawe, makoo yamewakauka. Akanyamaza. Huyu mama akinyamaza mimi hufurahi, maana najua kuna jambo.

Kiboko na Nguchiro wakaenda kwa Kunguru mchuuzi. Kunguru alikuwa na chipu mbili tu za kuendeshea milango kwa umeme, zile zitokazo kiwandani hazijui lolote. Unazifundisha kazi uitakayo, nazo zinaifanya.

"Hii kubwa," akasema Kunguru, "inajifunza mambo chungu nzima. Ila umeme ukikatika inasahau yote, mpaka uifundishe upya. Hii ndogo inajifunza machache, lakini haisahau."

Kiboko hakusikia. Alikuwa akitafuna majani, nyamu, nyamu, nyamu. Alipomeza akasema, "Zote zangu!"

Nguchiro akaikumbatia ile kubwa. Akalia, wiii, wiii! "Shikamoo, bwana mkubwa! Chukua vyote vya dunia, hii kubwa niachie! Ile ndogo hata ya bure siitaki!"

"Huitaki?" Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Basi kubwa yangu, na hiyo usiyoitaka ndiyo utakayopewa."

Nguchiro akaenda zake analia. Alipopita kichaka akafuta machozi, akaanza kuifundisha chipu yake: funguka, jifunge. Ni hayo tu. Nampenda Nguchiro, sifichi!

Siku ya shindano wakafunga paneli za sola. Mlango wa Kiboko, kraaa! ukafunguka, ukaimba, ukamwita kila mnyama kwa jina. Wakaupigia vigelegele. Mlango wa Nguchiro, tik, ukafunguka. Tik, ukajifunga.

Mara wingu likaziba jua. Milango yote ziii!

Wingu likapita. Mlango wa Nguchiro, tik. Mlango wa Kiboko, ziii.

"Funguka!" Ziii. "Funguka, ni mimi!" Ziii.

Kiboko akaanza kuifundisha chipu upya. Hajafika nusu, wingu jingine. Ziii! Hasira zikampanda, akaupiga mlango kichwa, gubu!

"Umeugusa!" wakapiga kelele wanyama wote.

Wana wa Nguchiro wakanywa, gluk, gluk, gluk, mpaka wakacheua. Kiboko naye akaja, ulimi nje. Nguchiro akainama kwa adabu.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Maji yapo. Foleni inaanzia kule nyuma."

Hadithi yangu imefika kikomo. Mwenye kiu akanywe, mwenye usingizi akalale. Na funzo lake, watoto, mlishike vizuri: msilielie dukani. Kulia hakujawahi kumpa mtu kitu.