Wake Watatu na Gari Jeusi la Bwana Kombo

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune kimya, maana habari hii siirudii. Nimeipata kwa jirani, jirani kaisikia kupitia ukuta, kwa hiyo ni ya kweli.

Muheza alikuwako mfanyabiashara wa machungwa, Bwana Kombo. Alikuwa na wake watatu na gari moja jeusi. Ukitaka kujua alipenda kipi, gari lilijengewa banda la bati jipya, na wake mvua ikinyesha walilala wakihamisha ndoo.

Mungu aliwapa wake hao kila mmoja lake. Mkubwa, Bi Mwantumu, alikuwa mchoraji wa hina. Vidole vyake vilihisi hata unywele ulioanguka juu ya ngozi. Wa kati, Zena, alikuwa na jicho la dukani. Tangu azaliwe hajauziwa uongo, isipokuwa siku ile alipoolewa. Mdogo, Mashavu, alikuwa na mikono. Sufuria akilisugua yeye, unaweza kulitazama ukajipaka wanja.

Siku moja Bwana Kombo akawaita. "Nakwenda Dodoma, narudi Ijumaa. Nikirudi nahamia Tanga mjini. Nyumba niliyopata inatosha mke mmoja. Wawili watakaa shamba na mama."

Wakatazamana. Mama mwenyewe ni Bi Mishi, mama mkwe wao, na ulimi wake mnaujua.

"Nikilikuta gari linang'aa," akasema, "aliyeling'arisha ndiye nitakayehama naye. Nikikuta mkwaruzo, hata mmoja, nyote watatu mnarudi kwenu na talaka zenu." Kisha akaenda kupanda basi, gari lake lisije likaingia vumbi la safari.

Mashavu hakungoja. Alfajiri yake akachukua kumbi la nazi na majivu, akalisugua gari kama sufuria la pilau. Hakuna aliyemfundisha namna nyingine. Jua lilipopanda, gari zima, boneti hadi milango, lilikuwa mistari mitupu, kama buibui kafuma juu yake.

"Umetuua, bibie!" Zena akapiga ukelele. "Hilo ni sufuria?"

"Nilitaka ling'ae."

"Ulitaka uhame peke yako!"

"Kwani wewe hukutaka?"

Zena akamnyang'anya kumbi la nazi. Nyote hapa mngetaka vilevile.

Bi Mwantumu akawanyamazisha. Akalimwagia gari maji mengi mpaka majivu yakaisha, akafumba macho, akapitisha kucha juu ya mistari. Kucha ilipoteleza alisema, "Huu uko juujuu, utasuguliwa utoke." Karibu na kitasa cha mlango kucha ikakwama. "Huu umezama. Hapa nta haitasaidia kitu." Akaenda kwa fundi rangi, akaomba rangi nyeusi ya kujaa kizibo cha soda. Akaujaza ule mkato kwa kijiti chake cha hina, tone baada ya tone, na alipomaliza alishindwa kunyoosha mgongo.

Zena akaenda dukani. Muuzaji akamwekea kopo la nta nyeusi. "Chukua hii, dada, inamaliza mikwaruzo yote."

"Inaimaliza au inaificha?"

"Si mamoja?"

"Kwako wewe. Mimi mvua ya kwanza itaniumbua." Akapaka kidogo kwenye sahani yenye mikwaruzo, akaimwagia maji, weusi ukachuruzika wote na mikwaruzo ikabaki. Nta ya kopo la pili akaisaga kati ya vidole, ikawa na chenga kama mchanga, akairudisha. Alitoka na dawa laini ya kusugulia mistari, na nta ngumu ya kupaka mistari ikishatoka. Hereni zake alizoachiwa na mamake zilibaki dukani.

Kazi ya kusugua ikawa ya Mashavu. Yule mwenye nguvu za kung'oa kutu akalazimika kwenda kwa viduara vidogo, kivulini, kwa kitambaa laini, mkono mwepesi kama anaogesha kichanga. Kitambaa kikishika uchafu anakigeuza. Mistari ilipotoka akapaka nta nyembamba, akaiacha ikauke, akaifuta. Viganja vyake vilijaa malengelenge, hata kijiko hakishikiki.

Ijumaa Bwana Kombo akafika. Hakusalimia mtu. Akalizunguka gari, akainama, akaziona ndevu zake mlangoni, akacheka. Wake zake walikuwa wamesahau kwamba ana meno.

"Nani kafanya?"

"Tumesaidiana, bwana," akasema Bi Mwantumu. Angesema nini zaidi? Angesema kajaza mkato, angeulizwa mkato gani.

"Sikuuliza kama mmesaidiana. Nileteeni kahawa. Ikiisha nataka jina moja, na mkishindwa nahama peke yangu."

Wakampelekea kahawa barazani, wakajifungia jikoni.

"Ni mimi," akasema Bi Mwantumu. "Bila mimi mngesugua mpaka bati lionekane. Na hii miguu, itazameni ilivyovimba. Hospitali kubwa iko Tanga. Huko shamba mtanizika."

"Bila mimi, mke mwenzangu, gari lingepakwa weusi wa kuchuja na sote tungeumbuka," akasema Zena. "Mwanangu analelewa Tanga na wifi yangu. Safari iliyopita aliniita shangazi."

Mashavu akafungua viganja. "Aliyesugua ni nani?"

"Na aliyeharibu ni nani?"

"Ni mimi. Lakini nina mimba, dada zangu. Wa kwanza alinifia hukohuko shamba, nalia uchungu, Bi Mishi anasema nadeka."

Barazani wakamsikia mume akinyonya kahawa.

Sasa msiniambie wamtimue mume, nyumba si yao. Msiniambie wapige kura, kila mmoja atajipigia mwenyewe. Msiniambie Mashavu alikosa, basi, imekwisha. Alikosa kwa kutaka walichokitaka wenzake. Na wewe unayecheka pembeni ukisema mume kama huyo si zawadi, hilo wanalijua kuliko wewe. Wanachogombea ni kukaa mbali na Bi Mishi.

Kahawa imefika kwenye machicha, na Bwana Kombo anaita. Jina ni moja tu. Wewe ungelitaja lipi? Na wale wawili wakikutazama usoni, ungewaambia nini?